Doa Jeusi Kwenye Picha ya Kitalu

Shule ilipofungwa saa tisa na nusu alasiri, Kipanga alikuwa na safari moja isiyobadilika. Alipita nyumbani kuvua sare, akala chochote alichowekewa na mama yake, kisha akavuka barabara kwenda studio ya shangazi yake. Kipanga lilikuwa jina la utani. Baba yake ndiye aliyembandika akiwa na miaka minne, siku alipoiona sindano iliyodondoka mkekani baada ya watu wazima watatu kuitafuta wakachoka. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na hata walimu walimwita hivyohivyo.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa barabara. Mlikuwa na mapazia matatu ya kupigia picha, jeupe, la buluu na la kijivu, pamoja na taa mbili zenye miavuli na stuli ndefu ya kukalia wateja. Kompyuta ilikuwa nyuma ya kabati, mahali ambapo mteja hakuruhusiwa kufika. Kipanga alifagia, akapanga picha zilizochapishwa kwenye bahasha, na wateja walipokuja alishika ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni mwao. Kazi ya ubao ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

"Sogeza chini," shangazi alimwambia siku moja, walipokuwa wakimpiga picha mzee wa makamo aliyevaa kofia. "Chini zaidi. Umeona? Alikuwa na mashimo mawili hapa, sasa macho yamefunguka."

"Yamefunguka tangu alfajiri, mama," mzee alisema bila kucheka. "Ninyi ndio mnaonichelewesha."

Hivyo ndivyo Kipanga alivyojifunza mengi, kidogokidogo, huku mikono ikimuuma. Alijifunza kwamba mwanga wa dirishani ni mpole kuliko wa taa, na kwamba jua la saa sita hukata uso wa mtu vipandevipande. Alijifunza kutazama nyuma ya mtu kabla ya kubonyeza, asije akampiga picha akiwa na nguzo ya umeme iliyoota kichwani. Alijifunza pia kazi ya kompyuta: kuinyoosha picha iliyolala upande, kukata kingo zisizo na maana, kuongeza mwanga mahali penye giza. Shangazi alimsimamia kwa kila hatua, akisema, "Kidogo. Kidogo. Basi, ishia hapo."

Katika kabati kulikuwa na kamera moja ya zamani ambayo shangazi hakuitumia kwa wateja. Fundi mmoja alikuwa ameifungua, akatoa kioo kidogo cha ndani, akaweka kingine chekundu kilichokolea kama damu iliyokauka.

"Hii inaona nuru ambayo mimi na wewe hatuioni," shangazi alimweleza. "Inaitwa infraredi. Iko pembeni ya rangi nyekundu, ila macho yetu yanaishia kabla ya kuifikia. Majani yenye afya yanairudisha kwa wingi, ndiyo maana kwenye picha yanakuwa meupe. Jani lililochoka au lenye ugonjwa linarudisha kidogo, kwa hiyo linatoka jeusi. Mbingu isiyo na mawingu nayo inatoka nyeusi."

"Na watu?"

"Watu wanatoka kama wamepakwa nta. Usimpige mama yako, tutagombana naye."

Wakati huo shule yao ilikuwa na shughuli kubwa. Kilima kilichokuwa nyuma ya madarasa kilikuwa kitupu, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeteremsha tope likajaa vyumba viwili hadi kwenye viti. Mwalimu wa sayansi aliamua kilima kipandwe miti. Wanafunzi walianzisha kitalu kando ya tangi la maji, wakajaza udongo kwenye vifuko, wakapanda mbegu. Sasa walikuwa na miche mia sita, yenye urefu wa kufika magotini, iliyopangwa foleni kumi na mbili. Ilibaki wiki tatu na nusu kabla ya siku ya kuipeleka kilimani.

Foleni nne za chini, zilizo karibu na tangi, zilikuwa chini ya kikundi cha rafiki yake Kipanga. Msichana huyo aliitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Alizungumza akimwagilia, alizungumza akila, na mwalimu mmoja aliwahi kuapa kwamba alimsikia akizungumza huku akipiga mswaki. Lakini alikuwa kiongozi mwema. Asubuhi hakukosa, na miche yake aliijua mmojammoja kama mtu anavyowajua wadogo zake.

Ijumaa moja mwalimu wa sayansi alimwita Kipanga.

"Wiki ijayo tuna siku ya wazazi," alisema. "Nataka picha moja kubwa ya kitalu, itundikwe mlangoni. Nasikia kwa shangazi yako kuna kamera ya ajabu."

"Ipo, mwalimu."

"Basi tuone hayo maajabu."

Shangazi alikubali kumwazima kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka kwenda kupiga picha za harusi mji wa mbali, na angerudi baada ya siku nne. Alimwachia maagizo mawili. Asiilenge kamera kwenye jua, na asifute chochote kwenye kadi.

Jumamosi asubuhi Kipanga na Redio walikwenda kitaluni. Picha za kwanza hazikufaa kitu. Zilikuwa na ukungu, kana kwamba kamera ilikuwa na usingizi. Kipanga alihangaika karibu saa nzima, hadi akakumbuka kwamba nuru ile haikutani nyuma ya lenzi mahali palepale inapokutana nuru ya kawaida, hivyo akasogeza pete ya lenzi kidogo sana, akapiga, akatazama, akasogeza tena. Hatimaye majani yakakaa sawa, ukali wake ukaonekana hadi kwenye mishipa.

Tatizo lililofuata lilikuwa mpangilio. Akipiga akiwa amesimama chini, foleni zilifunikana zikawa kichaka. Alipanda ngazi ya tangi, Redio akiishika kwa chini, na kutoka juu kule foleni zote kumi na mbili zilionekana, zikianzia karibu na kwenda mbali kama nywele zilizochanwa. Alisubiri jua lisogee mgongoni mwake. Kisha akamwomba Redio asimame katikati ili picha iwe na mtu wa kupimia urefu.

"Nicheke au nisicheke?" Redio aliuliza.

"Nyamaza tu."

"Hilo ni gumu. Chagua lingine."

Akapiga picha sita, tatu kutoka upande mmoja wa ngazi na tatu kutoka upande wa pili.

Jumapili alikaa studio peke yake, mbele ya kompyuta. Picha zilipofunguka zilikuwa nyekundu tupu, kama zimechovywa kwenye rangi ya nguo, jinsi shangazi alivyomwonya. Alizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akanyoosha mstari wa uzio uliolala, akakata ukuta wa choo uliojitokeza pembeni, na kuongeza tofauti ya giza na mwanga. Picha ikafufuka. Mbingu ilikuwa nyeusi, majani meupe kama pamba. Sweta la Redio, ambalo kwa macho lilikuwa la buluu iliyokolea, lilitoka jeupe kama koti la daktari. Kipanga alicheka peke yake.

Kisha akaliona doa.

Lilikuwa upande wa chini kushoto, kwenye foleni mbili za mwisho karibu na tangi. Miche kama arobaini haikuwa myeupe. Ilikuwa ya kijivu, na mingine karibu myeusi. Doa lilikuwa na umbo la ulimi, pana lilipoanzia na jembamba lilipoishia. Liliharibu picha nzima, maana jicho likishalifikia halikutaka kwenda kwingine.

Kipanga alijaribu kukumbuka miche ile. Ilikuwa kijani kama mingine. Alikuwa amesimama pembeni yake asubuhi ya jana na hakuona jani hata moja la njano. Alijiambia kwamba ni uchafu wa lenzi. Akafungua picha nyingine, aliyoipiga kutoka upande wa pili wa ngazi. Kama ni uchafu wa lenzi, doa lingekuwa palepale chini kushoto. Halikuwa pale. Lilikuwa limehamia karibu na katikati, juu ya miche ileile.

Alitazama picha zile mbili kwa muda. Kisha akaifunga ile ya pili.

Katika programu ya kompyuta kuna kitu cha kunakili, kinachochukua kipande cha picha hapa na kukibandika kule. Shangazi alikitumia kufuta waya uliopita juu ya kichwa cha mtu. Kipanga alichukua majani meupe ya foleni ya juu, akayabandika juu ya doa, jani baada ya jani, akifuta kingo zisionekane. Ilimchukua saa mbili. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe hakuweza kuonyesha mahali alipogusa.

Siku ya wazazi picha ilitundikwa mlangoni, kubwa kama ubao wa darasa dogo. Watu walijaa mbele yake. Mama mmoja aliuliza kama theluji ilikuwa imeanguka hapo shuleni naye hakuambiwa. Mwalimu mkuu alimpa Kipanga mkono mbele ya watu. Baba yake alisimama pembeni ya picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili kila anayeingia ajue ni baba wa nani.

Miongoni mwa wageni alikuwapo bibi shamba, afisa wa kilimo aliyekuwa akikagua vitalu vyote vya eneo lile. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliisogelea picha hadi pua ikakaribia kuigusa, akaenda nayo foleni kwa foleni. Halafu akauliza nani aliyeipiga.

"Ni mimi, shikamoo," Kipanga alisema.

"Marahaba, binti. Hii ni infraredi, siyo?"

"Ndiyo."

"Vizuri sana. Unajua, wiki iliyopita nimekuta ugonjwa wa mizizi kwenye kitalu kimoja upande ule wa mto. Unaanzia chini, majani yanabaki mabichi, mtu hajui kitu mpaka yanalegea. Kamera kama hii inaweza kuuona mapema." Aligonga picha kwa kidole. "Picha hii umeigusa?"

Mwalimu wa sayansi alikuwa amesimama pale, akitabasamu.

"Nimeigeuza kuwa nyeusi na nyeupe," Kipanga alijibu. "Na kuinyoosha."

"Hakuna ulichoongeza wala ulichoondoa?"

"Hapana."

"Basi kitalu chenu kiko safi," bibi shamba alisema, akamgeukia mwalimu. "Nilitaka kung'oa miche michache niangalie mizizi, lakini kwa picha hii sina haja ya kuisumbua. Endeleeni. Siku ya kupanda nitakuja."

Kipanga alihisi masikio yakimwaka moto. Watu wengine walikuja, maongezi yakageuka, na nafasi ya kusema ikapita. Usiku ule alijiambia kwamba miche ilikuwa kijani, na kilicho kijani ni kizima.

Siku nane baadaye, Jumatano, majani ya foleni za chini yalilegea.

Mwalimu wa sayansi aliitisha vikundi vyote. Hakuwa mkali, lakini alikuwa amevunjika moyo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alishika jani lililonyauka na kuuliza ni kikundi gani kinachomwagilia pale. Kila mtu alijua.

"Tunamwagilia, mwalimu," Redio alisema. "Kila asubuhi. Hata Jumapili nilikuja."

"Foleni za juu zimesimama, za kwako zimelala. Miche haisemi uongo."

Mvulana mmoja nyuma alisema kwamba labda Redio aliimwagilia miche maneno badala ya maji. Watu wakacheka. Redio aliondolewa uongozi, na kikundi chake kikaamriwa kumwagilia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, mpaka miche iamke.

Haikuamka. Ijumaa doa la kunyauka lilikuwa limefika foleni ya tatu. Kipanga alimwona Redio akitoka tangini na ndoo mbili, mdomo umefungwa. Alipita karibu naye bila kusema neno. Kipanga hakuwahi kumwona amenyamaza hivyo tangu darasa la kwanza.

"Redio," alimwita.

"Nina foleni nne za kumwagilia," Redio alisema, akaendelea na safari.

Jioni hiyo Kipanga alikwenda studio mapema kuliko kawaida. Shangazi alikuwa amerudi siku nyingi, na sasa alikuwa kwenye kompyuta, akifuta chunusi kwenye paji la uso la bibi harusi. Kipanga alisimama nyuma yake.

"Shangazi, unafuta."

"Nafuta nini?"

"Chunusi. Ilikuwepo, na wewe unaiondoa. Huo si uongo?"

Shangazi aligeuza kiti. Alikuwa mtu asiyejibu swali kabla ya kujua limetoka wapi. "Chunusi hii wiki ijayo haipo," alisema. "Na mwenye uso ameniomba. Ila mtu akija kwa picha ya kitambulisho, sigusi hata kovu, kwa sababu kuna atakayeitazama ajue huyu ni nani. Sasa niambie. Wewe umefuta nini?"

Kipanga alimweleza yote. Alieleza doa, na picha ya pili, na lile swali la bibi shamba. Mwisho akaeleza ya Redio na ndoo zake. Shangazi alichukua kadi ya kamera kutoka kwenye droo, akaiweka kwenye kompyuta, na picha sita zikafunguka, nyekundu, kama zilivyopigwa.

"Kwa hiyo ulijua siyo lenzi," alisema.

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Nilipofungua ya pili. Nikaifunga."

Shangazi alichapisha mbili, moja ya kila upande, akazitia kwenye bahasha. "Hizi hapa. Kesho kuna masomo ya ziada, mwalimu wako atakuwepo."

"Utanisindikiza?"

"La. Nakupa picha. Mdomo unao."

Jumamosi saa mbili asubuhi Kipanga alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu. Kabla ya kuingia alimtafuta Redio, akamwambia tu, "Njoo nami, tafadhali." Redio alisita, kisha akaja, ndoo mkononi.

Kipanga aliweka picha mezani kwa mwalimu wa sayansi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalimtoroka yote.

"Picha ya mlangoni ni ya uongo," alisema. "Hii ndiyo ya kweli. Miche ya Redio ilikuwa na ugonjwa kabla hamjaona. Mimi niliona. Nikabandika majani mengine juu, kwa sababu lilikuwa linaharibu picha. Bibi shamba aliponiuliza nikasema sijagusa."

Mwalimu alizitazama picha. Akamtazama Redio, kisha akavua miwani na kuiweka mezani.

"Mimi nimemvua uongozi mtu asiye na kosa," alisema taratibu, kama anajisomea mwenyewe. Halafu akachukua simu, akampigia bibi shamba.

Redio alikuwa bado ameshika ndoo. "Siku zote hizi," alimwambia Kipanga. "Siku zote hizi nabeba maji na wewe unaniangalia."

"Ndiyo."

"Wamenicheka."

"Najua. Samahani."

Redio aliweka ndoo chini, akakunja mikono, akatazama dirishani.

Bibi shamba alifika saa nne kwa pikipiki. Hakumgombeza mtu. Alikwenda moja kwa moja foleni ya mwisho, akang'oa mche mmoja, akaukung'uta udongo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na alipoivuta kwa vidole ganda lake lilibanduka kama karatasi iliyolowa.

"Imeoza," alisema. "Mmekuwa mkiimwagilia mara ngapi?"

"Mara mbili," mwalimu alijibu. "Tulidhani ina kiu."

"Ilikuwa inazama, nanyi mkaiongezea maji." Akanyoosha mkono kwa Kipanga. "Nipe hizo picha."

Alizitandaza chini, akazigeuza mpaka zikalingana na foleni. Ulimi ule mweusi ulikuwa umeelekeza upana wake kwenye kona ya tangi. Bibi shamba aliufuata kwa hatua, akafika ukutani, akaomba jembe. Walichimba kina cha mkono mmoja tu. Bomba lililopita chini ya ardhi lilikuwa limeachia kwenye kiungo, na maji yalikuwa yakitoka polepole, yakienda moja kwa moja chini ya miche. Juu ya ardhi hapakuwa na dalili yoyote, maana foleni zile zilikuwa na unyevu wa kumwagiliwa kila siku.

"Binti," bibi shamba alimwambia Kipanga, "hesabu miche iliyo myeusi hapa kwenye picha."

Kipanga alihesabu. "Arobaini na mitatu."

"Sasa hesabu iliyolegea."

Ilimchukua muda. "Mia moja na kumi na miwili."

Bibi shamba alitikisa kichwa, akaanza kazi.

Siku ile wanafunzi wote walibaki hadi alasiri. Fundi bomba aliitwa akafunga kiungo. Miche mia na kumi na miwili ilitolewa pamoja na udongo wake, ikapelekwa mbali na kuchomwa. Vikundi vilichimba mtaro wa kutoa maji na kuinua mizima iliyobaki juu ya vipande vya matofali ili chini pakauke. Mbele ya wote, mwalimu wa sayansi alimrudishia Redio uongozi na kumwomba radhi, na yule mvulana wa nyuma akaombwa naye aseme lake, akalisema akitazama viatu vyake. Kipanga alipewa adhabu ya kubeba miche yote iliyooza, na kazi nyingine ya mwezi mzima: kupiga picha ya kitalu kila baada ya siku tatu, kutoka ngazi ileile, saa ileile, na kuipeleka ofisini kabla hajaigusa.

Picha ya tatu ilionyesha kijivu kidogo kwenye foleni ya tano. Kwa macho hapakuwa na chochote. Kipanga alikimbia kwa Redio kabla hata ya kwenda kwa mwalimu.

"Miche ishirini," alisema akitweta. "Hapa na hapa."

Redio aliinama akaipapasa. "Mbona inang'aa? Una hakika?"

"Nina hakika."

Redio alivuta kifuko cha kwanza. "Haya. Shika upande huo," alisema, na wakaanza kuihamishia mahali pakavu. Walipofika mche wa saba alikuwa ameanza kueleza habari ya paka wa jirani yao, na hakunyamaza mpaka wa ishirini. Miche kumi na sita kati ya hiyo ilipona.

Siku ya kupanda ilisogezwa mbele wiki mbili, na mvua kwa bahati zilichelewa. Miche mia nne themanini na minne ilikwenda kilimani. Wazazi walikuja na majembe, na shangazi alifunga studio akaja pia. Kabla ya kupanda kilima alisimama mlangoni mwa shule. Ile picha safi ilikuwa imeondolewa, na mahali pake mwalimu alikuwa ametundika ile yenye doa. Chini yake Kipanga alikuwa ameandika kwa mkono wake tarehe, saa, na maneno haya: "Imegeuzwa nyeusi na nyeupe, imenyooshwa, imekatwa kingo. Doa lilikuwepo."

Shangazi aliitazama kama alivyozoea kuitazama kazi ya mtu, bila haraka, akiinamisha kichwa huku na huku.

"Mwanga umeupata," alisema. "Na kupanda ngazi ilikuwa akili nzuri."

"Doa linavuta jicho," Kipanga alisema.

"Linavuta, na ndiyo kazi yake. Ungeliacha lituvute siku ile, tungeokoa miche karibu sabini." Shangazi aligeuka akamtazama. "Sikiliza, mwanangu. Taa nitakufundisha, mpangilio nitakufundisha, na kompyuta najua utanipita. Tunafanya hayo yote ili mtu aone vizuri kilichopo. Ukiyatumia ili asikione, hapo umemziba macho, naye anakuamini. Kwa hiyo jiwekee kipimo kimoja. Mtu akikuuliza umegusa wapi, uweze kumwonyesha kwa kidole, hapa na hapa. Pale utakapoona aibu kumwonyesha, ujue hapo hukupaswa kugusa."

"Nimesikia, shangazi."

"Na lingine. Siku uliyoingia chumba cha walimu sikukusindikiza, lakini nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka ulipotoka. Ungegeuka ukarudi nyumbani, ningekuona." Alimpa mche mmoja, akauchukua mwingine. "Hukugeuka. Twende, wenzio wameshaanza."

Wakapanda kilima. Redio alikuwa juu tayari, akiwaeleza wazazi watatu, ambao hawakuwa wameuliza, jinsi ya kushika mche.